Homa ya Kumkumbuka Mama

Kila alipotoka shule, Kitinda, kitindamimba wa nyumba ile, alivua viatu, akamwamkia shangazi yake, kisha akachungulia chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vilevile kama jana. Mama alikuwa daktari bingwa katika wodi ya wagonjwa mahututi waliotoka kupasuliwa. Mabingwa wa wodi hiyo walikuwa wawili tu, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka mwenzake aingie, wapite pamoja kitanda kwa kitanda.

"Leo atarudi mapema?" Kitinda aliuliza.

"Jikaze kisabuni, mwanangu. Zamu ikiisha atakuja," shangazi alisema.

Kitinda alikuwa amejikaza wiki nzima, akachoka. Alimkumbuka mama, hata ile sauti yake ya kugomba. Shangazi alipokwenda kuanua nguo, Kitinda alichukua simu ya shangazi akapiga wodini.

"Mama, nina homa kali," alisema, akakohoa kidogo kutia chumvi.

Jioni mama alifika mbiombio, bado amevaa viatu vya wodini. Alimgusa paji la uso, akamgusa shingo, akarudi kwenye paji. Halikuwa na joto lolote. Kitinda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Siumwi, mama. Nilikuwa nimekukumbuka tu."

Mama alikaa kando yake, asigombe. Alibonyeza simu, akampa. "Huyu ni daktari mwenzangu. Ndiyo kwanza alikuwa amefika kwake kupumzika, nikamrudisha kazini kwa ajili yako. Mwambie ukweli."

Kitinda alieleza yote huku machozi yakimlengalenga. Mashine za wodini zilisikika zikilia nyuma ya daktari.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila mwanangu naye alinililia nilipoondoka. Bado mdogo, hajui kupiga simu."

Hapo Kitinda alilia kwa kwikwi. Mama alimkumbatia mpaka akatulia.

"Bingwa wa tatu ameshaajiriwa, anaanza mwezi ujao," mama alimwambia. "Zamu zitapungua, nitakuwa nakuona zaidi. Lakini sikiliza, mwanangu. Ukinikumbuka, sema umenikumbuka. Nikiweza nitakuja, nisipoweza nitakwambia hivyo hivyo. Usinidanganye. Siku utakayougua kweli, nataka nikisikia sauti yako nije mbio, nisisimame katikati ya vitanda nikijiuliza kama nikuamini."