Jigleri Mbili za Papa Édouard

Jioni ile Bertille alikuwa amekwisha kunawa mikono na kuchukua kikapu, aende kununua makaa ya kupikia uji wa baba yake, ndipo aliposikia pikipiki inasukumwa kuja garajini. Haikuwa imewashwa. Cheni tu ndiyo iliyolia kwa kukosa grisi.

Kri… kri… kri…

Aliyeisukuma alikuwa Papa Édouard, kaka mkubwa wa baba yake. Bertille akaweka kikapu chini. Mtu huyu hakuwa amekanyaga mtaani kwao Katanika tangu ndugu yake aanze kuugua, hata salamu hakutuma, leo anakuja na pikipiki! Jamani, kuna watu wana uso mkavu.

"Karibu, Papa mukubwa," akasema, maana adabu ni adabu hata kwa mtu usiyemtaka.

"Sikukuja kukaribishwa. Tengeneza hii. Inazimika."

Kalemie nzima iliijua pikipiki ile. Ilikuwa ya zile za zamani za kuchanganya oili na esansi, yaani petroli, ndani ya tangi, zinazotoa moshi wa bluu na kulia kama nyuki ndani ya debe. Zile nyingine zote zilikwishakuwa chuma chakavu, hii bado inatembea. Fundi wake wa kwanza, Élisée wa Moba, alikufa akitafuta pumzi, akamwacha mkewe Marceline anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Kituku. Baada yake ikaja kwa Fundi Jean-Baptiste, baba yake Bertille. Akaitengeneza ikalia vizuri sana, na wiki ile ile akaanza kukohoa. Sasa alikuwa amelala katika chumba cha nyuma ya garaji, mifupa na macho tu. Dawa alizokunywa hazina idadi. Bertille hakuwa na mama wala ndugu wa tumbo moja, mzee huyo ndiye aliyekuwa watu wake wote.

Na mzee alikuwa amemwambia, mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Ile pikipiki ikikuja siku moja, usiitie mudomo."

"Kwa nini, Papa?"

Kikohozi kilimzuia kujibu.

Sasa usicheke. Fundi yeyote wa kwetu akifungua kabureta anatoa jigleri, vile vijisumari vya shaba vyenye tundu jembamba vya kupitishia esansi, anaviweka mdomoni, anapuliza. Fuu! Uchafu unatoka, kazi inaendelea, hakuna anayefikiria mara mbili. Na ziko mbili. Jigleri ndogo ni ya ralanti, yaani pale pikipiki imesimama na injini inanguruma polepole. Jigleri kubwa ni ya mbio. Bertille aliyajua hayo kabla hajajua kusuka nywele.

Basi akafungua kabureta. Akachukua pampu ya baiskeli.

"Weka hiyo pampu chini," Papa Édouard akasema. "Puliza na mudomo, vile baba yako alifanya."

"Pampu inatosha, Papa mukubwa."

"Nimesema mudomo."

"Na mimi nimesema pampu. Kama hutaki, sukuma pikipiki yako uende."

Papa Édouard akatabasamu upande mmoja wa uso. Tabasamu la mtu anayekuchukia ni kitu kibaya sana. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

Bertille akapiga pampu, akarudisha kila kitu mahali pake, akakanyaga kiki. Injini ikashika.

Moshi ukajaa garaji. Haukuwa na harufu ya oili iliyoungua… Ulinuka dawa ya kupaka kifuani. Ulinuka shuka la mgonjwa.

Akajifanya hajanusa. Akachukua turnevisi, akageuza skrubu ya hewa, robo, robo tena, sikio ameliinamisha kama alivyofundishwa. Ralanti ikashuka. Ikatulia.

Hee… hee… khh. Hee… hee… khh.

Injini hailii hivyo. Akasikiliza tena. Mlio ule aliujua. Alikuwa analala nao, ukitoka upande wa pili wa ukuta.

Akatega sikio kwenye chumba cha nyuma.

Hee… hee… khh.

Pumzi ya baba yake na mlio wa injini vilikwenda pamoja, bila kupishana hata kidogo.

Fundi akitaka kujua kama kabureta inavuta hewa sawasawa, huiziba kwa kiganja. Bertille akaweka kiganja. Kabureta ikamnyonya ngozi, ikamng'ang'ania. Injini ikaanza kufa.

Chumbani, baba yake akakatika pumzi.

Akauchomoa mkono haraka. Injini ikarudi. Na kule chumbani baba yake akavuta hewa kwa nguvu, kama mtu aliyeopolewa ziwani.

"Umesikia sasa," Papa Édouard akanong'ona. "Pumzi yake inaisha. Njo maana inazimika. Inataka ingine."

"Muchawi wewe!"

"Mimi? Nani alimulazimisha? Alipuliza mwenyewe."

Bertille aliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Akageuza ufunguo. Injini ikalala, na chumbani baba yake akaendelea kuhema, kidogo kidogo. Kiganja ndicho kilichomkaba, ufunguo ulimpumzisha tu. Basi kama pumzi iliingia kwa kupulizwa, si itatoka kwa kunyonywa?

Akaifungua tena kabureta. Aliharakisha. Jigleri ya kwanza iliyolegea akaichomoa, akaibana kwa midomo.

"Mutoto, wacha!" Papa Édouard akaruka kutoka kwenye tairi.

Akavuta. Esansi ikamchoma ulimi. Kisha ikaja hewa ya baridi, nyingi, ikamjaa mashavuni. Akakimbia nayo chumbani, mdomo ameufunga, jigleri ngumini. Akainama, akampulizia baba yake mdomoni.

Kimya…

Baba yake akaketi. Peke yake! Kifua kikapanda, kikashuka, hakuna kikohozi. Bertille akalia kwa furaha, akamkumbatia. "Papa! Papa yangu!"

Mzee akamtazama kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

"Marceline yuko wapi?" akauliza.

Baba yake alizaliwa Kiambi. Sauti hii ilisema kwa lafudhi ya watu wa Moba.

Bertille akafungua ngumi. Iliyokuwa mkononi ilikuwa jigleri kubwa.

Haraka hiyo, mama wee! Pumzi ya baba yake ndiyo ilikuwa ralanti, na ralanti inatoka kwenye jigleri ndogo. Yeye, fundi binti wa fundi, alinyonya ile ya mbio. Kumbe pumzi ya Élisée ilikuwa bado mle ndani, katika hiyo kubwa.

Nje, Papa Édouard alikwisha kuifunga kabureta bila hiyo kubwa, kiki ikakanyagwa.

Hee… hee… khh.

Akageuka akimbie, lakini yule wa kitandani akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa na nguvu za kijana. "Usinirudishe kule," akanong'ona. "Kuna giza. Kuna joto."

Alipojinasua, garajini kulikuwa na moshi tu. Akafuata sauti mpaka daraja la mto Lukuga. Ilikuwa mbele yake kila mara, polepole, hatua chache tu. Pikipiki yenyewe hakuiona.

Tangu hapo Papa Édouard akawa anakuja kila jioni. Hashuki. Anasimama nje ya geti, injini inanguruma chini chini, maana bila jigleri kubwa haiwezi mbio. Neno lake ni lile lile:

"Rudisha jigleri yangu, uipulize na mudomo wako. Nitakuachia ile ndogo."

Utasema Bertille angekubali siku ya kwanza. Rahisi kusema! Wewe uliwahi kuombwa pumzi yako? Alirudi ndani, akajifunika kitenge kichwani asisikie. Aliona aibu, akalia, na kesho yake akafanya vile vile. Jioni baada ya jioni zile hee zilipungua, na khh ikawa ndefu. Ndani, yule mwenye uso wa baba yake alikula bukari, ugali wa kwetu, na ndagala, akanenepa, na macho yake hayakutoka kwenye mkono wenye jigleri.

Leo Bertille ameamua. Ameoga, amesali, amesimama getini na jigleri kubwa kati ya midomo yake. Jua limeingia nyuma ya vilima. Wanawake waliotoka sokoni wamemsalimia, hakuwajibu. Anatega sikio upande wa daraja.

Barabara iko kimya.

Anangoja. Anangoja tena.

Nyuma yake mlango unafunguka. Mtu anahema pale kizingitini, vizuri kabisa, bila kikohozi.

"Bertille," anaita. Hajawahi kumwita kwa jina. "Ingia ule. Hakuji tena, pumzi ya ile ndogo imekwisha."

Bertille hageuki. Jigleri bado iko mdomoni, na anaogopa kuvuta pumzi.