Siku Saumu Aliposifu Kitabu

Jambo la kwanza kuharibika pale Ufukoni ni kwamba Saumu alisifu kitabu.

Msicheke. Asiyemjua Saumu hawezi kuuona ubaya wake. Zunguka Mtwara yote, kuanzia Naliendele kwenye mikorosho ya watafiti mpaka bandarini, uulize nani aliwahi kumsikia Saumu msusi akisifu kitabu, kiwe cha dini au cha dunia, na ukimpata nakupa jogoo wangu mwekundu. Na mimi jogoo wangu sigawi ovyo.

Miaka hiyo daraja la Rufiji lilikuwa bado. Masika ikikaza, mabasi ya Dar yanalala kwenye tope, na vitabu vya hadithi vinakuja kwa meli, vimefungwa pamoja na magazeti yaliyokwisha kuchacha. Vilivyogombaniwa kuliko vyote ni vile vijitabu vya mapenzi ya majini vya *Mchumba wa Kisiwa Kikavu*, sehemu ya kwanza, ya pili, na kuendelea mpaka mtunzi achoke au wasomaji wafe. Jini mmoja aitwaye Farjala kampenda msichana wa Tanga, na kila sehemu inakatika pale pale unapotaka kujua.

Barazani kwa Saumu palikuwa na sheria moja tu: anayesukwa ndiye anayesoma. Mikono ya msusi ina kazi, macho ya mteja hayana. Unakaa kwenye kigoda, unainamishwa kichwa, unapewa kijitabu, unasoma kwa sauti mpaka shingo iingie ganzi. Kisha Saumu anatoa hukumu, na hukumu ile inafika sokoni kabla yako. Ismaili muuza magazeti hakuthubutu kupanga bei mpaka ajue Saumu kasemaje.

"Jini wa miaka mia nne anamlilia mtoto wa kidato cha pili," alisema sehemu ya kwanza ilipoisha. "Hana kazi? Hana wenzake?"

Sehemu ya tatu Farjala alilia machozi ya lulu. "Lulu kapu zima, na msichana bado anavaa kandambili za kushonwa kwa waya! Funga hicho kitabu, utaniharibia mistari."

Sehemu ya nne jini aliingia kwa dirishani. "Mwizi," akasema Saumu. Sehemu ya tano akapenya ukutani. "Mwizi aliyesoma." Sehemu ya sita hata hakuisemea neno; aliichana karatasi akawatandikia kuku waatamie.

Ndipo ikaja ya saba. Siku hiyo aliyekuwa kigodani ni Gladness, mke wa karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, msomaji hodari isipokuwa kila penye mapenzi alishusha sauti kama yuko kanisani. Modesta muuza samaki alikuwa amekaa na beseni lake akisubiri zamu. Katika sehemu ile ya saba Farjala alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: badala ya kupenya ukuta, alituma wanawake wa kwao, watu wazima, mchana kweupe, wakamwone mama wa msichana na kumposea kwa adabu.

Mikono ya Saumu ikasimama. Mjue kwamba mwanamke huyu aliachwa kwa salamu za kupitishwa. Mumewe, Chande, alihamia Mahurunga kulima mpunga kando ya Ruvuma, akaoa huko, akamwachia binti mmoja, Safina, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na nafasi ya chuo cha ualimu ameshaipata. Kwa Safina yule ndiyo Saumu alikuwa akisimama tangu asubuhi mpaka vidole vinapinda. Hakuwa na kingine duniani.

"Huyu sasa ndiye mwanamume," akasema taratibu. "Kamheshimu mama wa watu. Wallahi huyu, Safina wangu ningempa. Na mahari asilete."

Gladness akageuza shingo. "Mama Safina! Unatania?"

"Lini umenisikia natania juu ya kitabu?"

"Hilo kweli," akasema Modesta. "Hujawahi."

Saumu akacheka, akakitia kitana kichwani mwa Gladness, akakivuta. Kikatoka kinatiririka maji.

"Umenimwagia nini?" Gladness akashika kichwa. Nywele zilikuwa kavu kabisa. Saumu akakinusa kitana, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Maji ya chumvi.

Wakakifuta, wakasahau. Lakini tangu siku ile, kila saa saba mchana harufu ya udi iliingia barazani bila chetezo, bila moto, bila mtu. Chumvi jikoni ikalowa, ikawa uji. Kuku aliyekuwa anaatamia juu ya sehemu ya sita akayaacha mayai, akaenda kulala kwa jirani, na kila alipobebwa kurudishwa alipiga kelele kama anachinjwa.

Siku ya nne yake akaja mteja.

Jua lilikuwa la utosi, njia imekuwa nyeupe, hata mbwa hapiti. Mwanamke wa buibui, mrefu. Alikaa kigodani, na hata alipokwisha kukaa kichwa chake kilifika kifuani kwa Saumu aliyesimama.

"Nisuke msuko wa twende kilioni," akasema, kwa sauti ndogo kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

Saumu akaushusha ushungi. Nywele zilinukia udi, na chini ya udi ule palikuwa na harufu nyingine, ya tope la mikoko maji yanapokupwa. Akagawa mstari wa kwanza. Akasuka. Akamnyooshea kijitabu. "Kwetu hapa anayesukwa anasoma, dada."

Mgeni akakiweka mapajani bila kukifungua.

"Sehemu ya nane," akaanza.

"Ya nane haijafika, dada. Meli bado."

"Sehemu ya nane," akarudia mgeni, akaendelea kusema kama anayesoma: kwamba palikuwa na msusi mmoja Ufukoni, mwenye binti mmoja, na msusi yule alitamka neno mbele ya watu. Saumu alitaka kuinua mikono lakini mikono haikuinuka, ilisuka tu, na kila aliposuka nywele ziliongezeka. Mstari uliokuwa wa kufika kisogoni ukashuka mgongoni, ukapita kigoda, ukaanguka sakafuni ukajikunja, na yeye anasuka, jasho linamwingia machoni, anasikia sauti ile ndogo ikitaja jina la binti yake na jina la bibi yake binti na jina la mama wa bibi yake ambalo hata yeye Saumu alikuwa amelisahau, na vidole vyake vinakwenda vyenyewe kwenye nywele zilizoanza kuwa baridi, kisha zikalowa, kisha zikawa na mchanga ndani yake.

"Tumekuja kwa neno lako," akamaliza mgeni.

"Neno gani, dada yangu?" akauliza Saumu.

"La binti. Umetupa, tumepokea."

"Ile ilikuwa hukumu ya kitabu! Maneno ya kitabuni, ya kupitisha muda!"

Mgeni hakugeuka. "Mara sita ulimtukana kijana wetu mji mzima ukasikia. Ukamwita mwizi. Tukanyamaza, kwa sababu ulisema kweli. Hakuwa na adabu. Tukamfunza. Ya saba ukamkubali. Sasa niambie wewe, mama mkwe. Matusi yako yawe kweli, na kukubali kwako kuwe mchezo?"

Maisha yote ya Saumu watu walimwamini kwa sababu hasemi asilolimaanisha.

"Jumatatu tunakuja watu wazima," akasema mgeni, akasimama, na nywele zile zote zikaingia ndani ya ushungi wake bila kuguswa.

Jioni ile Saumu hakupika. Akamwambia Gladness na Modesta, naye Modesta, ambaye Wamakonde wenzake humwogopa kwa mdomo, akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu abatizwe.

"Mpeleke Safina kwetu Bukoba," akanong'ona Gladness.

"Majini hayajui Bukoba?" akasema Saumu. "Nataka mtu wa kusema nao."

Ndiyo akaitwa Shehe Abdulmalik wa Mikindani. Mwembamba, ana kikohozi, anapenda chai ya tangawizi yenye sukari ya kukata koo. Lakini wamewahi kumletea mtu anayebweka na akarudi nyumbani anasema vizuri kuliko alivyozaliwa. Saumu akamweleza yote, bila kuficha. Shehe akanywa chai, akaomba nyingine.

"Wamekuja kwa posa?" akauliza. "Hawakumpanda binti? Hawakumwangusha?"

"Hawajamgusa, shehe."

"Basi hao ni watu wa sheria. Wa namna hiyo hawafukuzwi kwa moshi. Safina apelekwe kwa jirani, nyinyi wawili mliosikia neno mkae hapa."

Jumatatu, saa saba, harufu ikatangulia. Nzi wote wa beseni la Modesta wakaruka kwa pamoja, wakaenda zao. Kisha wakaingia wanawake watatu wa kimo kimoja, wakakaa mkekani, na mkeka haukulia. Gladness akaishika rozari ndani ya mfuko wa gauni. Saumu akazishika bangili zake kwa mkono wa pili zisigongane.

"Assalaam alaykum," akasema shehe.

"Waalaykum salaam," wakaitikia watatu kwa sauti moja, na maji yaliyokuwa mtungini yakatikisika.

"Nyinyi Waislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Basi sheria mnaijua kuliko mimi, mmeishi nayo zaidi." Akakohoa, akatema kitambaani, akachukua muda wake. "Nani kaozesha?"

"Mama yake. Mashahidi hawa hapa."

"Mama," akasema shehe, "haozeshi. Tangu lini mama akawa walii? Walii, msimamizi wa ndoa, ni baba. Neno la mama katika jambo hili ni maneno ya barazani, hata angeapa mara mia."

Kimya kikaingia, kimya kizito kilichoanza kuwaelemea masikio, kikazidi, mpaka Modesta anasema alisikia damu yake mwenyewe ikipita shingoni, na ukuta wa baraza ukaanza kutoka jasho, matone madogo madogo yakijikusanya na kushuka, na Saumu akawa anaomba moyoni, bila maneno, kwa jina moja tu la mwanawe alilolirudia na kulirudia, akiwatazama wale watatu ambao walikuwa wamegeuziana nyuso ndani ya shungi zao na hakuna mdomo uliokuwa unacheza.

Yule aliyesukwa siku ile akainua kichwa.

"Umesema haki, shehe," akasema. "Tumekosea mlango. Mtuwie radhi."

Wakasimama. Wakatoka. Harufu ya udi ikawafuata kama mtoto anavyomfuata mama, ukuta ukakauka, na baada ya muda nzi wakarudi.

Modesta ndiye aliyeanza kupiga vigelegele. Gladness akalia, akacheka, akamkumbatia Saumu. Shehe akaomba chai. "Wanakuja na mikuki, wanashindwa na kitabu cha fiqhi, sheria tupu," akasema, akajipigapiga kifua, na hakuna aliyemnyima kujisifu siku ile; mimi ningekuwa yeye ningejisifu mpaka Lindi wasikie. Jirani akamrudisha Safina. Saumu akamshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia mpaka binti akaona aibu.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna. Jumamosi unakwenda chuo."

Wakakaa kwa raha. Chumvi ikarudi kuwa chumvi. Wakafungasha sanduku la bati, mashuka, ndoo, kanga mbili mpya. Hakuna hata mmoja wao, si shehe na elimu yake, si Gladness na usomaji wake, aliyejiuliza wale wageni walipotoka walikwenda wapi.

Ijumaa mchana Chande akaingia barazani.

Saumu hakumtambua upesi. Kanzu mpya, kofia ya mkono, viatu vinavyolia. Mtu ambaye miaka yote hakutuma hata kibaba cha mchele, leo amesimama pale anacheka meno yote, kama anayesubiri kupongezwa.

"Mama Safina! Umezeeka kidogo, lakini bado bado."

"Umefuata nini hapa, Chande?"

"Ala! Huko ndiko kumpokea mtu? Nimeleta heri." Akaketi bila kuambiwa. "Waungwana wamenijia shambani, Mahurunga. Watu wa mdomoni mwa mto, kule Ruvuma inakoingia baharini. Watu wa adabu hujapata kuona! Wamenikalisha, wamenilisha, wamesema, wewe ndiwe baba, neno ni lako."

Kitana kikamponyoka Saumu.

"Ukasemaje?"

"Ningesemaje? Nimemwozesha. Usiku wa juzi, msikiti umejaa, warefu wote, sijui wanakula nini wale. Nikashikana mkono na bwana harusi. Mkono wake baridi, lakini mkono wa kiungwana, hauna sugu."

"Safina hajaulizwa!" Saumu alikuwa anapiga kelele, lakini iliyotoka ilikuwa pumzi tu. "Chande, mtoto hajaulizwa!"

"Nami nikawaambia hivyo hivyo, usinione mjinga. Wakasema wamemuuliza usingizini, akanyamaza." Akatabasamu. "Na mwari akinyamaza, ndiyo amekubali. Hiyo hata wewe unaijua."

Harufu ya udi ikaja. Haikuja polepole kama zamani, iliingia kama mwenye nyumba. Saumu akasimama afunge mlango wa barabarani, akaona miguu haimtii, akataka kumwita mwanawe, ulimi ukawa mzito mdomoni kama si wake, na Chande bado anazungumza, anaeleza wingi wa wali uliopikwa na weupe wa mchele wake, na nje jua linawaka, na njia nyeupe, na kivuli kirefu cha mtu mmoja kimejilaza kizingitini hakiingii.

"Mkwe wako huyo," akasema Chande kwa furaha. "Ana haya."

Hodi ikapigwa. Sauti nzuri, ya upole, sauti ya mtu aliyelelewa.

Safina alikuwa jikoni uani anakaanga samaki, mafuta yanavuma, na katika yote yale hakuwa amesikia hata neno. Alisikia hodi peke yake. Akaitikia kwa sauti kubwa, kama binti yeyote mwenye malezi:

"Karibu! Karibu ndani!"