Chupa Aliyorudi Nayo Kutoka Wajir

Siku Mutuku alipokutana na Wanji, alikuwa na chupa mbili za soda tumboni na kilomita sita bado mbele yake. Ilikuwa Soko Mugdi, mjini Garissa, mwaka 1996, jioni ambapo soko lilifurika mbuzi, mikokoteni na madumu ya maziwa ya ngamia. Mutuku, mwalimu wa shule ya msingi pale Galbet na mkimbiaji wa mbio ndefu, alikuwa ameinama kando ya meza ya Maka muuza maziwa, ameshika mbavu, jasho likimtiririka.

"Walimu, wewe nakunywa soda halafu nakimbia," Maka alimwambia. "Iko siku tumbo itabasuka. Uliza sister huyu."

Sister mwenyewe alikuwa hapo akingoja maziwa yake, gauni jeupe la unesi, kitambaa cha manjano kichwani, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo. Alimweleza kwamba soda ina sukari nyingi mno kwa mtu anayekimbia. Inakaa tumboni, inavuta maji, na mtu anabaki kukimbia na mtungi unaochezacheza ndani yake. Apite zahanati kesho, atamchanganyia kitu cha maana.

Alipita. Nani asingepita? Wanji alimpimia glukosi na chumvi kidogo, pakiti moja kwa lita moja ya maji, akamkanya asinywe kwa pupa, bali mafunda mawili matatu kila baada ya muda. Tumbo likatulia, na miguu ikawa na nguvu hata kilomita za mwisho. Baada ya miezi mitatu Mutuku alikuwa akimwita mpenzi, naye Wanji akimwita mwalimu, kwa sauti ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuitumia.

Lakini Mutuku alikuwa na ugonjwa usiotibika kwa glukosi. Alikuwa mtu wa kushuku. Ukichelewa kuitikia salamu yake, alishinda siku nzima akitafuta ulichokificha. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyemwona Lazarus, karani wa serikali na mpinzani wake mkubwa, akitoka zahanati na pakiti mkononi, huku akitabasamu. Zilibaki siku tatu kabla ya mbio za Wajir. Nafasi ilikuwa moja tu, na atakayeipata angeuwakilisha mkoa Nairobi.

"Lazarus alifuata nini kwako?"

"Poda kama yako. Aliomba, nikampa."

"Ukampa na yeye."

"Mimi ni nesi, Mutuku. Ulitaka nimnyime?"

 Alizibeba pakiti zake na kwenda zake, moyo ukimwaka.

Huko Wajir alichota maji kisimani karibu na walipofikia wakimbiaji, akachanganya poda jinsi alivyofundishwa. Aliona ina chumvi kuliko kawaida, akadhani ni mdomo wake uliokauka kwa joto. Macho yake yalikuwa kwa Lazarus tu. Kwenye mzunguko wa kumi na nane, kati ya ishirini na tano, tumbo lilimkata. Wa kumi na tisa hakuumaliza; aliukimbilia ukuta wa choo watu wakimcheka. Lazarus alikunywa poda ile ile, tumbo lake likanyamaza, akashinda.

Kutoka posta ya Wajir, Mutuku alipiga simu zahanati.

"Mwalimu, niambie umeshinda," Wanji alisema, sauti ikikwaruza kwenye laini.

"Mtu wako ndiye ameshinda."

"Mtu wangu nani?"

Akakata simu. Alirudi Garissa juu ya lori, siku nzima, ameipakata chupa iliyobaki nusu ili asimwage ushahidi. Vumbi likiwa bado kwenye nyusi, aliingia zahanati na kuiweka mezani mbele ya wagonjwa waliopanga foleni.

"Kunywa," alisema.

Wanji aliifungua chupa. Akamimina kikombe, akaonja, na uso wake ukabadilika kidogo. Mutuku akaona, akajiambia amemshika. Lakini Wanji hakukiweka kikombe chini. Alikunywa chote, akamimina kingine, akaimaliza chupa. Kisha akauliza taratibu alikochota yale maji.

Kisimani, kule kule Wajir. Na Lazarus je, alitumia maji gani? Hapo Mutuku alikumbuka dumu la njano la maji ambalo Lazarus alilibeba kutoka Garissa, nao wenzake wakamcheka. Lazarus aliwahi kufanya kazi Hadado, huko huko Wajir. Aliyajua maji ya upande ule.

"Maji ya visima vile yana chumvi tayari," Wanji alisema. "Wenyeji wameyazoea, mgeni yanamwendesha. Mimi poda niliipimia maji ya mto Tana. Ungeniuliza, ningekwambia uyabebe. Lakini siku ile uliniuliza habari za Lazarus tu."

"Ulipoonja ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona ukamaliza?"

"Ungeniamini kwa kikombe nusu?"

Mutuku aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku mbili Wanji alilala akiugua tumbo, na siku mbili Mutuku alichota maji, akapika uji na kufua. Maka alileta maziwa, akamtazama juu hadi chini. "Wewe nakimbia sana, walimu. Kichwa ndio nabaki nyuma." Mutuku akainamia beseni la nguo.

Siku ya tatu Wanji alikaa mlangoni, amejifunga kitambaa chake cha manjano, amepungua lakini mzuri vile vile. Mutuku alimwomba msamaha. Akamwambia pia kwamba anataka kumpeleka Machakos kwa mama yake, amtambulishe kama mke mtarajiwa.

Wanji aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kikombe kilichofunikwa kwa sahani, akampa.

Mutuku alikishika. Alitaka kuuliza ni nini. Alimwona Wanji anamwangalia machoni, si mikononi, akafunua kikombe na kukinywa chote. Kilikuwa kichungu mpaka machozi yakamtoka.

"Ni nini hiki?" aliuliza alipopata pumzi.

"Mwarobaini. Na umeuliza baada ya kumaliza," Wanji alisema, akikipokea kikombe. "Sasa nipeleke kwa mama."