Pasti Kumi na Mbili

Kila nikitoka shule hukung'uta theluji kwenye viatu, hula mkate na siagi, kisha hukaa mbele ya kompyuta yangu mpaka mama aniite mara tatu. Mwaka jana nilikuwa na miaka kumi na miwili, tena nilijiona fundi. Kanisa letu lilinipa kazi ya kutengeneza ukurasa wa mtandao wa kuandikisha waokaji wa pasti, yaani mikate iliyojazwa nyama na viazi, ambayo mji mzima huisubiri kila Februari.

Jikoni mwa kanisa mna nafasi kumi na mbili tu. Zamani watu waliandika majina kwenye karatasi mlangoni. Mimi nilichora pasti kumi na mbili za kupendeza. Unalikokota jina lako kwa kipanya na kulidondosha juu ya mojawapo. Nilijaribu kwenye kompyuta yangu, ikakubali. Nikajiandikisha wa kwanza, maana ndiyo kwanza nimefikia umri wa kumenya viazi na wakubwa.

Jumanne Bi Lempi wa maktaba alipiga simu. Kwenye kompyuta zao, alisema, pasti zote zimelaliana na hazibofyeki. Nilimjibu kwa kiburi kwamba kivinjari chao, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ni cha zamani. Ukweli ni kwamba sikuwa nimejaribu kivinjari kingine chochote, nilikuwa mvivu.

Orodha ilikuwa ifungwe Alhamisi saa sita mchana. Siku hiyo shule zilifungwa kwa ajili ya theluji. Ilipokaribia saa sita, jirani yetu Babu Waino aliniita kwake. Babu Waino haoni, na kompyuta yake humsomea kwa sauti. Amekanda unga wa pasti miaka thelathini na mmoja, na tangu mkewe afariki, siku ya kuoka ndiyo pekee anayokaa na watu majira yote ya baridi.

"Aili, hiki kitu chako kinaniambia 'picha' tu," alisema. "Picha, picha, mara kumi na mbili. Yangu ni ipi?"

Nilibonyeza vitufe vyake kimoja kimoja. Kila mara ukurasa uliruka pasti zote na kwenda chini kabisa. Kipanya hana, na angekuwa nacho angekielekeza wapi? Nilikimbia nyumbani nimwandikie kwenye kompyuta yangu, lakini nilipofungua ukurasa, pasti ya mwisho ilikuwa imeshapata jina. Nikakaa pale nikilia, sijui la kufanya.

Nilimpigia simu Bibi Eila, mkuu wa jiko. Alisema meza hazitoshi mtu wa kumi na tatu, kisha akauliza kwa nini Waino hakujiandikisha mapema. Nilikuwa tayari kusema kompyuta ya Babu ni mbovu. Nikashindwa.

"Ukurasa wangu ndio mbovu," nilisema. "Na Bi Lempi aliniambia tangu Jumanne, nikakisingizia kivinjari chake. Nifute mimi, umwandike Babu."

"Una hakika, mwanangu?" Bibi Eila aliuliza. "Umengoja muda mrefu."

"Nina hakika."

Jumamosi ya pasti nilikaa maktaba na Bi Lempi, huku harufu ya vitunguu ikitufikia kutoka kanisani. Nilimwomba radhi. Tuliondoa picha, tukaweka orodha ya maneno meusi yanayosomeka, na kila nafasi ikawa na kitufe kinachofikiwa kwa kibodi. Tuliijaribu kwenye vivinjari vitatu na kwenye simu ya mama.

Jioni Babu Waino alikuja maktaba na pasti ya moto, akaketi kwenye kompyuta tuliyoiwekea sauti kujaribu ukurasa mpya wa orodha ya waokaji wa Pasaka.

"Ule wa kwanza uliupima kwa macho yako na kompyuta yako tu," alisema. "Kabla hujasema kazi imekwisha, mpe mtu asiyefanana nawe aijaribu. Na akikuambia imemshinda, mwamini."

Niliitikia kwa aibu. Alibonyeza vitufe polepole, mashine ikasoma: "Nafasi ya kwanza, Waino Kangas. Nafasi ya pili, Aili Rautio."

"Hiyo ya pili nimekuandika mimi," alisema. "Utakanda pembeni yangu."