Mistari Miwili Kila Jumanne

Kabati lilikuwa wazi. Mashine ya utepe ipo, utepe wenyewe hakuna. Inspekta Elieshi wa polisi wa Lewisham alikagua mlango, kisha madirisha ya ghorofa ya saba. Hakuna kilichovunjwa.

"Wamechukua huo tu, mzee?"

"Huo tu," alijibu Pravin, fundi redio mstaafu, mzaliwa wa Mwanza, aliyefiwa na mkewe miaka kumi iliyopita.

Mwaka 1976 mwashi mmoja wa Kiayalandi alipiga dansi ya kwao kwa fidla dukani kwa Pravin, akijaribu rekoda aliyotengenezewa, na utepe huo ukabaki kwa fundi. Mwashi alikufa, na dansi ile haikurekodiwa tena popote. Jumatatu watu wa maktaba wangekuja kuuchukua utepe, wauweke kwenye intaneti, kila mtu asikie bure. Sasa nani aibe kitu cha bure?

Alama za vidole kabatini zilikuwa za watu wawili: Pravin, na Griffins, muuguzi Mkenya anayejifunza fidla, aliyetambuliwa kwa alama zilizomo kwenye kumbukumbu za viza. Griffins alikamatwa akiwa bado na sare ya kazi.

"Ulikuwa unafuata nini kwa mzee?"

"Dansi, madam. Naandika noti. Please, wakisikia job nimeshikwa, nimekwisha."

Akatoa daftari. Ukurasa mmoja, tarehe tisa tofauti, zote Jumanne.

"Ukurasa mmoja, wiki tisa?"

"Kila nikienda ananichezea mistari miwili tu. Anasema mashine ikichemka itakula utepe. Halafu tunakunywa chai mpaka jioni."

Elieshi hakupenda kuhukumu mtu kwa vidole vyake. Alikwenda maktaba, akaonyeshwa nakala mbili za zamani za noti za dansi hiyohiyo, zilizoandikwa nyumbani kwa Pravin na watu wasiojuana, zilizopishana miaka minne. Pembeni mwa noti kulikuwa na tarehe. Jumanne, Jumanne, Jumanne.

Akarudi kwa Pravin. Elieshi aliweka utepe wa bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu, mashineni, akauacha uzunguke saa nzima, kisha akaigusa mashine. Baridi.

"Mzee, mashine yako haichemki."

Pravin aliizima mashine.

"Griffins yuko ndani. Kazi yake inaondoka."

"Griffins? Mimi sikumtaja!" Mzee aliinuka kitini. "Nilidhani mtaandika karatasi yenu mwende zenu."

"Utepe uko wapi?"

Alileta kopo la vitafunio vya chevda kutoka jikoni. Utepe ulikuwamo, umeviringishwa kwenye leso.

"Kwa nini, mzee?"

"Ukishaingia intaneti, mtu atausikiliza kitandani kwake. Nani atapanda huku juu? Wanangu wako Toronto, wananipigia Diwali kwa Diwali. Hawa wa fidla ndio wageni niliobaki nao. Ningewachezea utepe wote siku moja, wangerudi kufanya nini?"

Hata Elieshi, kwake Thamesmead, televisheni ndiyo iliyokuwa ikimwambia usiku mwema. Lakini kazi ni kazi.

"Uweke mashineni. Lazima niuhakikishe."

Fidla ikalia, ya haraka, yenye furaha, mguu wa mtu ukigonga sakafu. Elieshi aliitazama saa. Dakika mbili, ikaisha.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mama."

Akapiga simu kituoni, Griffins aachiwe. Kisha akamgeukia mzee.

"Kuwadanganya polisi ni kosa. Vaa koti, twende ukaandike maelezo."

Pravin alivaa taratibu, kifungo kwa kifungo. Mlangoni akasimama.

"Huko mnakofunga watu," aliuliza, "wageni wanaruhusiwa mara ngapi kwa wiki?"