Binti wa Dobi na Maji ya Kusuuzia

Mama alikuwa dobi. Uani kwake kulikuwa na makarai ya kuloweka, karai la kusuuzia, na kamba zilizojaa mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuwa na mabinti wawili.

"Mkubwa anafua," aliwaambia majirani. "Mdogo analalamika."

Majirani walicheka, wakambandika mdogo jina: Paka. Paka na maji, wapi na wapi.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Utotoni ilibidi atolewe kwenye beseni kwa nguvu. Mambo yalibadilika alipovunja ungo. Akisuuza, maji yakimrukia shingoni na kifuani, baada ya muda mfupi vilimtoka vipele vidogo vidogo vyenye kuwasha kama upupu. Akioga, mgongo mzima. Mama alipopata nafasi ya kumtazama, vilikuwa vimeshatoweka.

"Viko wapi?" mama aliuliza.

"Vimepotea."

"Vinapotea kazi ikiisha. Vipele vyako vina akili kuliko wewe."

Hata hivyo mama alijaribu. Alibadilisha sabuni ya unga, akaleta ya kipande, akaleta ya watoto wachanga. Vipele vilitoka. Shangazi alisema ni dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Wakakinga ya mvua. Vikatoka vilevile.

"Basi ni uvivu," shangazi alisema. "Wifi, umemdekeza."

Paka naye alikuwa amechoka. Amechoka kuulizwa amekula nini. Amechoka kujikuna kwa siri. Akaanza kukwepa kuoga, na kwa hilo pia akagombezwa.

Siku moja dada yake alikwenda kupeleka mashuka. Mengine yalikuwa yanangoja kusuuzwa, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshapiga simu. Paka akasema hawezi.

Mama akaweka shuka chini. "Kaa hapo. Leo sibanduki."

Akachota maji matupu kwa kopo, yasiyo na sabuni, akammwagia begani na mgongoni. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akakunja mikono. Paka akalia kimyakimya.

Mama alingoja. Taratibu begani pakaanza kuota vipele, kimoja, kingine, mpaka ngozi ikawa kama imechomwa na siafu. Halafu akaona jambo lililomtoa kwenye kigoda. Mashavuni mwa bintiye, pale machozi yalipopita, palikuwa na michirizi ya vipele vilevile.

"Hata machozi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekuambia mara ngapi, mama?"

Mashuka yaliachwa. Walikwenda zahanati, na huko wakaelekezwa kwa daktari wa ngozi.

Daktari alimsikiliza Paka mwenyewe. Akamwekea mkononi barafu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, hakikutoka kitu. Akamwekea mgongoni kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Baada ya kungoja, akakiondoa. Vipele hivyo.

"Ni ugonjwa wa nadra," alisema. "Watu huuita mzio wa maji."

"Maji yana sumu?" mama aliuliza.

"Hapana. Na hatujui kwa uhakika unavyotokea. Huenda maji yanayeyusha kitu fulani kilicho juu ya ngozi, kikapenya ndani. Mle ndani kuna chembe za ulinzi. Zinadhani adui ameingia, zinamwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayoleta vipele na mwasho."

"Kama mlinzi anayempigia kelele mwenye nyumba," mama alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Sasa asioge?"

"Aoge, lakini kwa haraka. Kabla ya kuoga ajipake mafuta mazito ya mgando yazuie maji. Nitampa pia dawa ya kutuliza histamini."

"Na kunywa?"

"Anywe kama kawaida. Ila akivimba midomo, akipata kizunguzungu au akishindwa kupumua, mkimbizeni hospitali."

"Atapona?"

"Siwezi kuahidi. Wengi hupata nafuu."

Nafuu haikuja mara moja. Walirudi, daktari akaongeza kipimo cha dawa, na polepole vipele vikapungua. Paka akaanza kuoga bila kusukumwa. Kazi nazo zikagawanywa upya: dada akasuuza, Paka akapiga pasi na kukunja. Dada alinung'unika kidogo, lakini mashuka hayakuwahi kunyooka vile.

Shangazi alipomkuta Paka mezani akipiga pasi alisema, "Huyu bado hashiki maji?"

"Anaumwa, wifi," mama alijibu. "Na sisi tulimwita mvivu. Mimi wa kwanza."

Shangazi akachukua mkoba wake, akaaga.

Alipoondoka, mama alisimama karibu na meza. "Ulikuwa unaniambia kweli," alisema. "Nilipaswa kukupeleka kwa daktari tangu mwanzo. Unisamehe, mwanangu."

"Yameisha, mama." Paka akanyoosha pembe ya shuka. "Ila pasi hii inanipiga shoti."

Mama alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Akachomoa pasi ukutani, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaukagua waya wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Karibu na mpini, ulikuwa umechubuka.