Vyura Chini ya Vigae

Fundi vigae alipiga magoti sebuleni kwake akikagua kazi ya mikono yake. Hakuna kigae kilichocheza, ila maungio yalikuwa yakitoka maji. Aliyafuta asubuhi, na adhuhuri yakawa yamelowa tena, yakinuka tope.

"Bomba limepasuka," alimwambia mkewe.

"Bomba gani, baba watoto? Huku hata maji hatujavutiwa."

Kiwanja kile alichojenga nyumba kilikuwa kinamasi. Majirani walimsihi asubiri, ndege wanaatamia. Akawacheka: "Kwani mimi nimewapangisha?" Akamwaga kifusi juu ya matete, viota na vyura. Jeuri ile mimi siihurumii. Namhurumia mtoto.

Maana binti yao wa miaka sita alianza kutapika maji ya kijani, na akisinzia, vyura walilia kooni mwake.

Mganga, mama mmoja mwenye haraka zake, alifika, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti. "Huyu pepo wa kinamasi simtoi. Mwenye kwake ni yeye. Mvamizi ni wewe."

Hapo mtoto akaketi kitandani, bila kupepesa macho, maji yakimchuruzika kidevuni, akasema taratibu kwa sauti ya mwanamke mzima: "Wanangu uliwafukia hai. Siku tisa niliwasikia wakikwaruza. Rudisha maji yangu yote, au nawe utazihesabu siku hizo tisa."

Fundi alivunja sakafu ya jiko, akavunja ya vyumba, akazoa kifusi mpaka maji yakachimbuka. Mtoto akapata nafuu, akaomba chakula. Sebule akaiacha. Vigae vile alivipanga wiki tatu, roho ilimuuma.

"Sebule tu," alimnong'oneza mkewe. "Atatuachia."

"Alisema yote! Vunja, nakuomba."

"Kesho."

Kesho yake, mchana kweupe, kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu, shuka limelowa. Sebuleni hakuna kigae kilichopata ufa, lakini chini yake kucha ndogo zilikwaruza na sauti ikaita, "Baba." Akashika nyundo akavunja, na kila alipovunja mkwaruzo ulihamia kigae kingine, akavunja hicho, ukahamia, mpaka sebule ikaisha na bado ulisikika, chini zaidi, na yeye akichimba kwa mikono huku mkewe akimlaani.

Siku ya tisa ukanyamaza.

Sasa matete yamerudi pale, na ndege wanaatamia bila kubughudhiwa. Kila siku mama wa mtoto huenda ukingoni mwa kinamasi akamwita mwanawe, na chura mmoja humwitikia.